Mashine ya Kuchimba Sarafu Imezeeka? Ifumue Hivi, Upe Kila Kipande Kazi Nyingine

Mtu anaweka Antminer S9, mashine ya kuchimba bitcoin, mezani, anatafuta programu ya akili unde ya kuipakia, anaikosa, anairudisha stoo. Mwingine anachomoa kadi ya michoro kutoka kwenye rigi (kompyuta ya kuchimbia yenye kadi nyingi), anaichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani na kuambulia skrini nyeusi. Wa tatu anaunganisha pawasaplai ya mashine na taa za ukumbini bila fyuzi, waya unalainika kama nta.

Wote watatu wamefanya kosa moja: wameichukulia mashine kama kitu kizima kinachoweza kubadilishiwa kazi. Haibadilishiwi ikiwa nzima. Inafumuliwa, na kila kipande kinatafutiwa kazi yake. Fuata mtiririko huu wala usiruke hatua ya 2, maana hapo ndipo wengi huharibu kifaa ambacho kingewafaa.

## Vitu vya kuandaa

- Multimita. Bila hii usianze kabisa.
- Bisibisi za nyota, kubwa na ndogo, pamoja na koleo.
- Brashi laini na blowa ya upepo.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pesti ya joto na pedi za joto.
- Fyuzi za ampea 5, 10 na 15 pamoja na vishikio vyake, na waya wa milimita 2.5 za mraba.
- Kompyuta moja nzima, yenye pawasaplai ya kuaminika, ya kupimia kadi za michoro.
- Flashi ya GB 16, kadi ndogo ya SD, na adapta ya USB kwenda siriali ya volti 3.3.
- Vibandiko na kalamu ya wino usiofutika.

Vibandiko vinaonekana kama mapambo hadi siku utakapokuwa na nyaya kumi na mbili zinazofanana na hujui ipi ilitoka wapi.

## Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Vifaa vya kuchimba vimegawanyika katika jamii tatu, na kila jamii ina hatima yake.

ASIC. Hizi ni mashine za chipu zilizoundwa kwa kazi moja tu, kama Antminer S9 ya mwaka 2016, yenye nguvu ya takriban terahashi 13.5 (majaribio trilioni 13.5 ya hesabu ya uchimbaji) kwa sekunde na matumizi ya wati 1,300 hivi. Ndani yake kuna bodi tatu, kila moja ikiwa na chipu 63. Chipu hizo zinajua kitu kimoja tu duniani: kukokotoa SHA-256, hesabu inayotumika kuchimba bitcoin, mara mbili juu ya kichwa cha bloku (muhtasari wa kundi la miamala). Kazi hiyo imechorwa ndani ya silikoni yenyewe, kwa hiyo hakuna programu itakayozifundisha kuchora picha, kuendesha akili unde, wala hata kufungua nywila uliyoisahau. Usipoteze wiki moja ukitafuta.

Rigi za kadi za michoro. Hizi zilikosa kazi tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji. Kadi ya michoro ni kompyuta kamili ya hesabu, nayo ndiyo mali halisi katika lundo lako.

Diski za Chia, sarafu inayochimbwa kwa nafasi ya diski. Ni diski kuu za kawaida zilizojazwa mafaili makubwa. Kazi ya kuzirudisha uraiani ni ndogo.

*Utajua umefaulu* pale kila kifaa kitakapokuwa na kibandiko chenye jina, aina, na volti iliyoandikwa juu yake kiwandani.

## Hatua ya 2: Futa, safisha, pima

Anza na taarifa. Mashine ya ASIC huwa na anwani ya pochi yako na nywila ya kundi la uchimbaji. Irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kitufe cha kuriseti au kwa kuipakia mfumo wake upya. Flashi au SSD ya rigi ifutwe yote. Ukigawa kifaa bila kufanya hivyo, unagawa na taarifa zako.

Kisha vumbi. Zima, chomoa kwenye ukuta, subiri dakika kumi, ndipo upulize. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza: feni ikizungushwa na upepo kwa kasi hugeuka jenereta ndogo na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi, mbali na kuumiza beringi zake.

Kwa kadi za michoro, fungua kipoza joto, futa pesti iliyokauka kwa spiriti, weka mpya. Angalia pedi za kumbukumbu pia. Kadi zenye kumbukumbu za GDDR6X, kama RTX 3080, zilizochimba kwa muda mrefu mara nyingi huwa na pedi zilizochoka, na kumbukumbu hupanda hadi nyuzi 110 za Selsiasi, kiwango ambacho kadi hujipunguzia kasi yenyewe. Pima unene wa pedi ya zamani kabla ya kununua. Pedi nene kupita kiasi hukinyanyua kipoza joto kisiguse chipu, na hapo tatizo litakuwa kubwa kuliko ulilokuwa nalo.

Diski zipimwe kwa amri ya `smartctl -a`. Tazama mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Zote zikisoma sifuri, ni dalili nzuri hata kama saa za kazi ni nyingi. Mstari wa pili ukiwa na namba yoyote, usiiwekee picha za familia. SSD zilizotumika kutengenezea mafaili ya Chia zimeandikwa mno, hivyo zipe kazi za muda tu.

*Utajua umefaulu* kifaa kitakapowaka, kikatulia nusu saa, na kisitoe harufu ya plastiki inayoungua.

## Hatua ya 3: Rudisha kadi ya michoro kwenye akili yake

Ile skrini nyeusi niliyoitaja mwanzoni ina sababu mbili za kawaida.

Ya kwanza: kadi haina tundu la skrini. P106-100 na zile za jamii ya CMP zilitengenezwa kwa uchimbaji tu. Hazijafa. Zitumie kwa hesabu, na skrini ichomeke kwenye bodi mama.

Ya pili: BIOS ya kadi, programu ndogo inayoiwasha, ilibadilishwa. Wachimbaji wa RX 470 na RX 580 walizoea kuchezea muda wa kumbukumbu ili wapate hashi zaidi, na kadi za hivyo huganda zikipewa mchezo au kazi ya video. Fanya hivi:

1. Tafuta swichi ndogo kwenye ukingo wa kadi. Aina nyingi zina BIOS mbili, na mara nyingi moja haijaguswa. Zima kompyuta, sogeza swichi, washa.
2. Kama haikusaidia, hifadhi kwanza nakala ya BIOS iliyopo kwa GPU-Z.
3. Tafuta BIOS ya asili ya kadi hiyohiyo kwenye hazina ya TechPowerUp. Linganisha mtengenezaji, ukubwa wa kumbukumbu na kampuni iliyotengeneza chipu za kumbukumbu: Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Watu huangalia jina la kadi tu, na hapo ndipo kadi hufia.
4. Iandike kwa amdvbflash. Umeme ukikatika katikati, kadi haitawaka, kwa hiyo tumia UPS.

Ukimaliza, endesha memtest_vulkan kwa angalau dakika ishirini. Programu hiyo husaka makosa ya kumbukumbu, ugonjwa mkuu wa kadi zilizochimba. Kosa moja tu likitokea, punguza kasi ya kumbukumbu kidogo na urudie. Makosa yakiendelea, kadi hiyo iwe ya vipuri.

*Utajua umefaulu* ukiona dakika ishirini bila kosa, skrini haina madoadoa, na joto linakaa chini ya nyuzi 80.

## Hatua ya 4: Rigi iwe seva ya akili unde au ya kuchora

Hapa ndipo thamani kubwa ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Rigi ya kawaida ina bodi mama yenye nafasi nyingi, prosesa dhaifu, RAM ya GB 4, na kadi zinazoning'inia kwenye raiza (vibao vyenye waya vinavyoiunganisha kadi na bodi mama kwa mbali). Ongeza RAM ifike GB 16 na uweke SSD ya GB 240 au zaidi. Prosesa iache, kwani itatosha. Ingia kwenye BIOS ya bodi mama na uhakikishe Above 4G Decoding imewashwa, la sivyo mfumo utaona kadi mbili na kusahau nyingine.

Weka Linux, kisha dreva. Kwa kadi za NVIDIA za kizazi cha Pascal, yaani GTX 1060, 1070, 1080 Ti na P106, tumia CUDA 12, mfumo wa NVIDIA wa kuendesha hesabu kwenye kadi. Toleo la 13 limeviacha vizazi hivyo, na ujumbe wa kosa utakaoupata haukuambii hivyo waziwazi. Kwa RX 470 na 580 usihangaike na ROCm, mfumo kama huo wa AMD. Tumia llama.cpp, programu ya kuendesha modeli za lugha, iliyojengwa kwa Vulkan, mfumo unaokubali kadi za kampuni mbalimbali.

Sasa hesabu ya kumbukumbu. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 8, ikibanwa hadi biti 4, huchukua takriban GB 5. Inaingia kwenye kadi moja ya GB 8 na kubakiza nafasi ya mazungumzo. Modeli kubwa zaidi hugawanywa matabaka kwenye kadi kadhaa, llama.cpp ikifanya ugawaji huo yenyewe.

Swali ninaloulizwa kila mara: je, raiza ya njia moja ya data haitakwamisha? Inategemea kazi. Modeli itachelewa *kupakiwa*, kwa sababu GB zote hupita kwenye mrija mwembamba. Ikishakaa kwenye kadi, kinachopita kati ya kadi na kadi kwa kila neno ni data kidogo sana, na utasahau kama kuna raiza. Blender, programu ya kuchora picha za 3D, nayo iko hivyo: eneo la kuchora likishapakiwa, kadi hujifungia na kazi yake. Michezo ni kinyume kabisa, kwani data hupita bila kukoma. Kadi ya mchezo ikae moja kwa moja kwenye nafasi ya njia 16. Kufundisha modeli kwa kadi nyingi kupitia raiza pia usijaribu.

Raiza zina hatari mbili.

Usiilishe raiza kwa plagi ya SATA. Plagi hiyo imeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Nafasi ya kadi inaweza kudai hadi wati 75. Tofauti hiyo ndiyo inayoyeyusha plastiki. Tumia plagi ya pini sita.

Waya wa raiza unafanana na wa USB lakini si USB. Usiuchomeke kwenye tundu la USB la kompyuta nyingine.

Na la tatu, ambalo si la raiza: usichanganye nyaya za pawasaplai mbili tofauti hata kama plagi zinaingia vizuri. Upande wa kadi hufanana kwa sababu umesanifishwa, upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Niliwahi kuua diski mbili kwa waya mmoja wa kuazima, ndani ya sekunde moja, huku nikijisifu kwamba nimeokoa muda.

Mwisho, punguza umeme. `nvidia-smi -pl 120` huiwekea kadi kikomo cha wati 120, mradi namba hiyo imo ndani ya mipaka ambayo kadi yako inakubali. Kwa modeli za lugha, kasi hushuka kidogo kuliko umeme unaookoa, maana kumbukumbu ndiyo inayoamua mwendo.

*Utajua umefaulu* pale `nvidia-smi` itakapoonyesha kadi zote, na modeli ikajibu kwa saa nzima bila kadi hata moja kupotea kwenye orodha. Ikipotea, badilisha raiza yake kabla ya kuilaumu kadi.

Usipotaka akili unde, rigi hiyohiyo itafaa kuchangia hesabu za utafiti kupitia Folding@home au BOINC. Bili ya umeme ni yako, kumbuka.

## Hatua ya 5: Pawasaplai ya ASIC iwe chanzo cha volti 12

APW3++ iliyokuja na S9 nyingi hutoa volti 12 na hadi wati 1,600 ikilishwa umeme wa volti 220. Hizo ni zaidi ya ampea 130. Kwa taa za LED, chaja za betri za ndege nyuki, pampu na mota, ni hazina. Ila watu huisikia "volti 12" na kuidharau kama betri ya tochi.

Volti 12 haikurushi. Ampea 130 zinachomelea. Bisibisi yangu iliangukia pini mbili za pawasaplai kama hii, ikatoa mwanga wa bluu, na hadi leo ncha yake ina pengo kama jino lililong'oka.

1. Soma kibandiko. Pawasaplai za S17 na S19, mashine zilizofuata S9, hazina volti 12 tulivu. Volti yao hubadilika na hutawaliwa na bodi ya udhibiti. APW9, kwa mfano, hutoa volti 14.5 hadi 21. Hizo ziache.
2. Usifungue boksi lake. Kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa. Kila unachohitaji kiko nje.
3. Pima kabla ya kuunganisha. APW3++ haina swichi: ukichomeka ukutani tu, plagi zote ziko hai. Weka multimita, tafuta chanya na hasi za kila plagi, bandika alama. Usiamini rangi za waya.
4. Weka fyuzi kwenye kila njia, karibu na pawasaplai. Pawasaplai haitajikata kwa waya wako mwembamba, kwa kuwa ampea 40 kwake ni mzigo mdogo. Fyuzi inaulinda waya.
5. Kokotoa. Mkanda wa LED wa wati 14.4 kwa mita, mita 10, ni wati 144. Gawa kwa 12, unapata ampea 12. Fyuzi ya 15, waya wa milimita 2.5 za mraba, na ulishe mkanda kutoka ncha zote mbili ili mwisho wake usififie.

*Utajua umefaulu* ukiwasha mzigo wote kwa saa moja, ukashika kila kiungo kwa mkono, na kisiwe na joto la kukufanya uondoe vidole.

## Hatua ya 6: Feni na bodi ya udhibiti

Feni za ASIC zina nguvu na kelele. Zinafaa kuvuta moshi wa solda, kupoza kabati la vifaa, kukausha rangi. Zina pini nne, na bila ishara kwenye pini ya nne huzunguka kwa kasi yote, hivyo nunua kidhibiti kidogo cha PWM (ishara inayopanga kasi ya feni). Weka wavu mbele na nyuma. Mapanga yale hayabembelezi kidole.

Bodi ya udhibiti ni zawadi kwa anayejifunza elektroniki. Ya S9 ina Zynq-7010 ya Xilinx: prosesa mbili za ARM Cortex-A9 pamoja na FPGA, sehemu ambayo mizunguko yake unaweza kuipanga upya, ndani ya chipu moja. EBAZ4205, iliyotoka kwenye mashine za Ebit, ina chipu hiyohiyo pamoja na RAM ya MB 256, na imekuwa bodi ya kujifunzia ya watu wengi. Toleo la bure la Vivado, programu ya kuipangia chipu hiyo, linaikubali.

Kwa S9, badili jampa ya JP4 ili bodi iwake kutoka kadi ya SD badala ya kumbukumbu yake ya ndani. Unganisha adapta ya siriali ya volti 3.3, kasi 115200. Adapta ya volti 5 itaiua. Ukiona maandishi ya kuwaka yakishuka kwenye skrini, bodi ni yako. Usitegemee meza ya kompyuta yenye madirisha, maana haina hata tundu la skrini. Baadhi ya S19 zina bodi za Amlogic au CVitek, ambazo hazina FPGA. Hizo hazistahili jasho lako.

## Hatua ya 7: ASIC iwe hita, kama kweli unahitaji joto

Karibu kila wati inayoingia kwenye ASIC hutoka kama joto. Wati 1,300 ni hita ya chumba, na chenji ndogo ya bitcoin juu yake. Lakini hita ya kawaida hutoa joto lilelile kwa umeme uleule, na pampu ya joto hutoa mara mbili au tatu zaidi. Kwa hiyo njia hii ina maana pale tu ambapo ungewasha hita ya umeme hata hivyo: chumba cha baridi, banda la miche, kabati la kukaushia mbao au nguo.

Weka Braiins OS, mfumo mbadala wa mashine za kuchimba, kwenye S9, ishushe hadi wati 800 au 900. Feni zitapungua kelele, ambazo kwa kasi ya kawaida hukaribia desibeli 75, na hakuna atakayelala chumba hicho. Elekeza hewa ya moto kwa bomba. Tumia soketi yake peke yake, bila waya mwembamba wa kuongezea. Weka kigunduzi cha moshi.

Usikaushie chakula. Hewa hiyo imepita juu ya solda, flaksi na vumbi la miaka.

Kabla hujawasha, piga hesabu: wati 900 kwa saa 24 ni uniti 21.6. Zidisha kwa bei unayolipa. Na usijidanganye kwamba utabahatisha bloku peke yako. Mtandao ukiwa na eksahashi 800 (terahashi milioni 800) kwa sekunde, S9 moja ingehitaji kwa wastani zaidi ya miaka 1,100.

*Utajua umefaulu* chumba kikipata joto, plagi ya ukutani ikabaki vuguvugu tu, na mwezi wa kwanza usiwe na bili ya kukushtua.

## Hatua ya 8: Kilichobaki

Kitakachobaki ni bodi za chipu, zile tatu. Makasha ya alumini yafanye maboksi ya miradi yako, yana matundu tayari ya feni za milimita 120. Bodi zenyewe usizichome wala kuzitia tindikali kutafuta dhahabu. Moshi wake ni sumu na dhahabu iliyomo ni kiduchu. Peleka kwa wanaorejeleza taka za elektroniki, ukiwa umezitenga na alumini, kwani alumini safi huthaminiwa kivyake.

Bodi moja nzima ihifadhi. Bado wapo wanaoendesha S9 kama hita, na bodi huharibika moja moja.